Basi la ghorofa la London lililogeuzwa jiko, shangazi anataka tulilete Mbeya. Mnaolijua nisaidieni historia yake

mtoto_wa_uyole

Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni. Najua humu kuna madereva, mafundi na waliokaa nje, naombeni mnisaidie hili maana nyumbani kwetu limeshaleta kelele wiki ya pili sasa.

Iko hivi. Binamu yangu mtoto wa shangazi yuko Uingereza mwaka wa tisa huu, anafanya kazi kwa mzee mmoja wa kizungu mwenye basi la zamani la ghorofa, lile jekundu la London ambalo nyuma halina mlango, unadandia tu. Ila halibebi abiria tena, ni jiko. Chini wameng'oa viti karibu vyote wakaweka majiko, sinki, friji na dirisha la kuuzia ubavuni, juu wameacha viti wakaweka na meza, watu wanapanda kula huko wakiangalia nje. Wanaitwa kwenye maharusi, kwenye maonyesho ya wakulima, mpaka misibani wanaenda. Sasa mzee anataka kupumzika analiuza, na binamu kamjaza mama yake upepo, "mama tulichukue tulilete Mbeya, tuliegeshe Uyole, mwezi wa nane tunasogea viwanja vya John Mwakangale kwenye Nane Nane, hakuna gari litakalopita bila kusimama". Shangazi kauza kiwanja juzi juzi, hela iko ndani, na ukimjua shangazi ujue hiyo hela haikai.

Muuzaji anasema basi ni Routemaster la 1965, limepiga kazi London miaka 40 halikuuzwa popote, tena ni orijino kila kitu, eti ndo maana bei imesimama vile. Namba ya gari inaanza CUV inaishia C. Mi sijui lolote, nimezaliwa nimekuta Coaster. Hiyo historia tunayouziwa ni ya kweli au ni maneno ya dalali? Na kuna namna ya kulikagua kwa picha tu, maana binamu ni wa jikoni, si fundi.

mpita_njia_makambako

Likifika mlima Kitonga hilo linalala ubavu mkuu, chipsi zote bondeni 😂😂 mwambie shangazi anunue viazi tu apeleke Dar kama wenzake

Mbongo wa Croydon

Mtoto wa Uyole nimecheka ila nimefurahi, mi nyumbani Mbalizi na haya mabasi nimeyapanda sana nilipofika huku mwanzoni, enzi zao za mwisho mwisho.

Kwanza kiherufi cha mwisho. Namba za Uingereza za kipindi kile herufi ya mwisho ndo mwaka, B ni 1964, C ni 1965, D ni 1966. Hivyo CUV mpaka C ni 1965 kweli na ni herufi za London kweli, hapo hajawadanganya. Na hizo tarakimu za katikati zinafanana na tarakimu tatu za mwisho za namba ya basi lenyewe kwenye kampuni, mfano CUV 107C ni RM2107. Kwahiyo hapo mnaweza kujua hata jina lake. Mshukuru ni herufi hizo, maana yale ya mwanzo mwanzo yenye VLT na WLT namba zake zilikuja kuwa dili, watu wanazinunua kuweka kwenye magari yao ya kifahari, basi linabaki na namba nyingine isiyosema kitu.

Historia kwa kifupi (sijui kufupisha, nivumilieni). Routemaster lilibuniwa na London Transport wenyewe, kampuni ya usafiri ya mji, pamoja na watengeneza mabasi AEC, kiwanda kilikuwa Southall, mkuu wa wahandisi aliitwa Durrant na aliyechora sura yake ni Douglas Scott. La kwanza lilionyeshwa 1954, yakaanza kutengenezwa kwa wingi 1958 mpaka 1968, jumla 2,876. Bodi ni alumini. Na hii alumini ina kisa chake, wakati wa vita ya pili London Transport na wenzake walipewa kazi ya kuunda ndege za mabomu za Halifax, waliunda 710, vita ilipoisha wana mafundi wanaojua kupiga riveti bati jepesi na hawana tena ndege za kuunda. Wakaleta huo ujuzi kwenye basi. Ndo maana mpaka leo unakuta basi la miaka 60 linakaanga chipsi na halijaoza, lingekuwa la chuma kwa mvua za huku lingekuwa masufuria zamani.

London waliyaondoa kwenye njia za kawaida tarehe 9 Disemba 2005, njia ya mwisho ilikuwa namba 159. Sababu ni kwamba mtu wa kiti cha magurudumu hawezi kupanda, halafu lazima uwe na dereva NA konda, mishahara miwili. Konda alikuwa anavuta kamba iliyopita darini, ngo moja simama, ngo ngo twende, dereva yuko kwenye kibanda chake peke yake huko mbele hawezi hata kumwona. Mi nilikuwa nakaa chini karibu na konda kwa sababu ya ile kengele tu, ilikuwa inanikumbusha konda wa Mwanjelwa anavyopiga bodi kwa kiganja.

Babu Gereji

Mwanangu marahaba. Nimewasoma wote. Huyu wa Croydon kasema vizuri ila kaacha jambo kubwa kuliko yote, nalo ndilo litakalompa shangazi yako punguzo.

Mimi nimefanya gereji ya magari ya Leyland Dar miaka hiyo, na mmoja wa waliotufundisha alikuwa mwingereza mtu mzima, kila tukipumzika anatusimulia Aldenham mpaka tukawa tunamkwepa. Aldenham ilikuwa karakana kubwa ya mabasi ya London, nje kidogo ya mji, mabasi yanapelekwa kila baada ya miaka kadhaa kufumuliwa yote. Sasa Routemaster halina chesisi ndefu kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mgongo, mbele imefungwa fremu inayobeba injini na usukani na springi za mbele, nyuma fremu nyingine inabeba difu na springi za nyuma, basi. Fungua boliti, bodi inainuliwa na winchi inaenda kwa watu wa bodi, fremu zinaenda kwa watu wa vyuma. Bodi ina kazi ya wiki nyingi, vyuma vinaisha mapema. Je, vyuma vikae vinasubiri bodi yake? Hawakusubiri. Ile bodi iliyo tayari ndo inafungwa, na basi linalotoka mlangoni linapewa namba ya gari lililoingia, ili kodi na leseni zisikatike siku hata moja. Yani basi linaingia asubuhi na namba yake, na namba ileile inaweza kutoka siku hiyohiyo ikiwa imekaa kwenye bodi nyingine kabisa!

Kwahiyo kijana wangu, hiyo CUV ni ya 1965, sawa. Lakini bati mnalonunua linaweza kuwa lilizaliwa na namba nyingine, la mwaka uliofuata au zaidi, na injini ilishakaa kwenye matumbo ya mabasi mengi. Karakana ile ilifungwa 1986 na mpaka hapo walikuwa wamezunguka hivyo miaka thelathini. Anayekwambia Routemaster "orijino kila kitu" ama hajui ama anajua sana.

Mwambie binamu yako afanye haya. Asimame pembeni ya basi ahesabu madirisha. Akiona katikati kuna dirisha moja fupi, kama nusu ya mengine, chini na juu, hilo ni RML, refu, mita 9.14, lilikuwa na viti 72. Asipoliona ni RM ya kawaida, mita 8.38, viti 64. Halafu afungue boneti apige picha jina kwenye injini. Halafu atafute kona ambayo waliopaka rangi walishindwa kufika, nyuma ya friji au chini ya ngazi, akwangue kidogo aone rangi ya zamani. Dari ya zamani ilikuwa imepakwa njano, enzi hizo sigara zilikuwa ruksa ghorofani.

Wewe wa Makambako, kuhusu Kitonga. Basi la ghorofa la London lilikuwa halipewi ruhusa mpaka lilazwe nyuzi 28, ghorofa ya juu imejazwa mifuko ya mchanga kama abiria, chini tupu, na lisianguke. Vitu vizito vyote viko chini kabisa. Coaster unayopanda wewe imefungwa magunia juu ya keria, nani anaanza kulala?

mpita_njia_makambako

Nimekubali babu 🙏 shikamoo

Dada wa Ipogolo

Kamwene wote. Mi sina historia ya London ila nina historia ya jiko la gari, maana miaka minne nimepikia kwenye Coaster mbovu niliyoinunua bila injini tukaisukuma mpaka hapa, na naona mnaongelea riveti tu, wali hamuongelei.

Mdogo wangu wa Uyole, jiko ndani ya gari ni joto. Hata hapa Iringa na baridi yetu, saa saba mchana nikiwa na majiko matatu nilikuwa natoka nje kupumua. Nililazimika kutoboa paa kuweka bomba la moshi. La kwako juu kuna watu wanakula, moshi utaupitishia wapi? Muulize binamu yako huyo mzungu kaupitishia wapi, na mitungi ya gesi kaiweka wapi. Mi fundi wangu aliniwekea mtungi ndani chini ya meza, akaniambia dada haina shida. Siku moja mpira ukalegea, gesi nzito inakaa chini haipandi, nimeingia alfajiri na kiberiti mkononi, Mungu tu alijalia mafua yangu yakawa yamepona siku hiyo nikasikia harufu. Toka hapo mtungi uko nje kwenye kiboksi cha wavu, na ndani nimetoboa matundu usawa wa sakafu.

Maji nayo. Lita mia mbili ni kilo mia mbili, ukiziweka juu ili zishuke zenyewe kwenye sinki umeharibu hiyo hesabu ya babu ya nyuzi 28. Weka chini utumie pampu ndogo.

Na gari lisipokaa sawasawa mafuta kwenye kikaango yanakimbilia upande mmoja, chipsi za huku zinaungua za kule mbichi. Nilihangaika mwezi mzima nalaumu viazi vya Njombe kumbe ni tairi la nyuma limezama.

Mwisho mniwie radhi wanaume, mteja wa Uyole akishuka kwenye basi la Tunduma ana dakika kumi na njaa, hata ukimwambia bati lilikuwa bomu la Hitla anataka kujua kuku bei gani.

Mbongo wa Croydon

Dada bomu lilikuwa la kumpiga Hitla si la Hitla 😂 ila nimekuelewa. Nakubishia kidogo lakini. Huku watu wanalipa chai na keki ndani ya haya mabasi bei ambayo nje wangekunywa chai wiki mbili, na wanalipia kisa tu. Wenyeji wamekulia kwenye hayo mabasi, bibi anapanda na mjukuu anamwonyesha nilikuwa nakaa kiti hiki. Uyole hakuna bibi wa hivyo. Uyole kuna bibi aliyepanda basi la Relwe, lile la shirika la reli, kutoka Dodoma kuja Mbeya kupitia Iringa kabla reli ya TAZARA haijajengwa. Hilo lingekuwepo mpaka leo likawa mgahawa hata mi ningetuma hela.

Babu Gereji

Umenigusa. Yale ya Relwe nayakumbuka, tulikuwa tunanyeshewa vumbi (ndiyo, kunyeshewa) mpaka Iringa hujijui rangi. Yaliishia kwenye skrepa yote.

Dada wa Ipogolo umesema kweli kuhusu mtungi, watu wasome hapo mara mbili.

mtoto_wa_uyole

Wakuu nimerudi, samahani nilikuwa shamba, mtandao wa kule ni wa kupanda mti.

Binamu kaenda na simu yake kafanya yote aliyosema babu. Madirisha: LIPO dirisha fupi katikati, chini na juu. Kumbe tangazo la muuzaji limeandika viti 64. Injini: kafungua boneti kakuta imeandikwa Cummins. Gesi iko nje nyuma, kwenye kisanduku kilichofungwa chini ya ngazi, na kina matundu. Moshi unatoka ubavuni, kuna feni, wanaokula wanakaa mbele juu si nyuma. Kukwangua bado anaogopa, anasema mzee anashinda mle mle.

Sa hii Cummins ndo imekaaje babu, si mlisema AEC?

Mbongo wa Croydon

Haha hapo ndo "orijino" imekufa. RML zilikuwa chache, 524 tu katika hizo zote, na London walizipenda kwa sababu zinabeba wengi, ndo maana miaka ya 90 mwanzoni walizifufua wakazitia injini mpya, nyingine Cummins nyingine Iveco. Injini ya kwanza ilikuwa AEC ya lita 9.6. Lakini cheki upande wa pili, kama ni RML ya 1965 basi ile stori ya miaka 40 London inawezekana kabisa, nyingi zilibaki mpaka 2004 na 2005. Yani mzee kasema kweli pale ambapo mlidhani anadanganya, na kakosea kwenye kitu ambacho angeweza kuhesabu kwa kidole. Viti 64 nahisi kakopi kwenye tangazo la mwenzake.

Babu Gereji

Na mimi nasema hiyo Cummins ndiyo habari njema kuliko zote za uzi huu. AEC ingekufia Igawa nani angekupa gasketi? Cummins mafundi wa barabara ya Tunduma wanaifungua macho yamefumba. Ila kwenye bei mwambie muuzaji hivi: wewe uliandika orijino, injini si orijino, viti ulivyoandika sivyo, na bodi huwezi kunithibitishia ni ya namba hii. Ataipunguza au atanuna, yote faida.

Mengine mazuri, usukani uko kulia kama wetu, na pale pa kudandia ni kushoto, upande wa watembea kwa miguu, kwahiyo mteja hapandii barabarani. Basi la ghorofa la Ujerumani lingekuwa limekupa mlango upande wa malori. Hata plagi zao ni zile za pini tatu bapa kama zetu, friji linachomekwa hivyo hivyo.

Sasa baya. Urefu kwenda juu ni mita 4.38. Ukilipakia kwenye trela la lobedi kutoka bandarini umeongeza karibu mita nyingine, utakata nyaya za umeme toka Dar mpaka hapa, kilomita mia nane na kitu. Itabidi litembee lenyewe kwa magurudumu yake, na halikutengenezwa kukimbia, lile ni gari la vituo, mita mia tatu linasimama. Tegemea siku tatu, mchana tu, na mtu mbele na pikipiki anaangalia matawi. Ushuru sitii neno, gari la umri huo nendeni mkaulize wenyewe kabla hamjatuma hata senti, wala msimsikilize wakala anayesema "mimi nina mtu pale".

Dada wa Ipogolo

Na kiwanja chenyewe mnachotaka kuegesha kina waya wa umeme juu ya geti au hakina? Mi Coaster yangu fupi tu ilinasa kamba ya kuanikia nguo ya jirani ikaondoka na mashuka, tulisemana mwaka mzima.

mtoto_wa_uyole

Dada umeniokoa aisee. Nimetoka kupima sasa hivi na fito na futi ya fundi seremala, waya unaoingia kwa shangazi uko mita 3.9 pale getini. Nimemwambia. Kanijibu waya unanyanyuliwa, wewe endelea kuuliza.

Nimemsomea uzi wote kwa sauti leo jioni tukiwa tunamenya viazi. Halifax kakaa kimya, Aldenham kasema wazungu nao wana ujanja wa kubadilisha bodi kumbe tunasingiziwa sisi tu. Bei kampigia binamu kamwambia aanze na robo chini ya ile ya kwanza. Ushuru kesho kutwa tunaenda kuuliza wawili, yeye ndo ataongea.

Ila kuna kitu kimoja kaniambia niwaulize na kasema bila jibu halali: ile kamba ya kengele ya konda, walipotoa viti vya chini waliiacha au waliikata? Maana anataka mpishi akivuta mara moja muhudumu ashuke kuchukua sahani, mara mbili mteja anadaiwa.

Mbongo wa Croydon

Mwambie binamu aangalie darini ghorofa ya chini. Kama kuna vijishikio vidogo vya chuma vimepangana kama vya kushikia pazia, kamba ilipita hapo, hata kama wameikata unafunga mpya. Shikamoo nyingi kwa shangazi.